Uyoga Si Ngozi

Ukikata uyoga mweupe na kuuacha hewani, baada ya muda pale ulipokatwa hugeuka kahawia. Kinachofanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Ngozi ya binadamu nayo ina tairosinesi yake, na ndiyo inayoanzisha utengenezaji wa rangi yetu, iitwayo melanini. Tofauti ni kwamba ile ya uyoga hununuliwa ikiwa tayari ndani ya kichupa, ni rahisi kuitunza, na haihitaji kumwomba mtu yeyote kipande cha ngozi. Kwa sababu hiyo, kwa miongo mingi, aliyetaka kujua kama mmea fulani au kemikali fulani inaweza kufifisha madoa alianzia hapo: weka kimeng'enya cha uyoga kwenye mrija, ongeza unachokijaribu, tazama kama ukahawia unachelewa kutokea. Ukichelewa, maneno ya kuandika kwenye kopo yamepatikana: "huzuia utengenezaji wa melanini."

Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya Beiersdorf ya Ujerumani walichapisha matokeo yaliyoitia doa desturi hiyo. Walichukua tairosinesi ya binadamu badala ya ya uyoga na kuijaribu dhidi ya kemikali 50,000. Asidi ya kojiki na abutini, ambazo zimo kwenye krimu nyingi sana, zilionekana dhaifu mno kwa kimeng'enya cha binadamu. Hata haidrokwinoni, dawa maarufu ya kung'arisha ngozi, haikufua dafu kama ilivyotarajiwa. Kemikali iliyoibuka mshindi, ya kundi la resosinoli, ilikuwa dhaifu karibu mara 100 ilipopelekwa kwenye kimeng'enya cha uyoga. Kwa maneno mengine, wangefuata njia ya zamani wangeitupa jalalani siku ya kwanza. Ni kweli kwamba watafiti hao waliajiriwa na kampuni inayouza kemikali hiyo, na msomaji asilisahau hilo. Lakini hoja yao kuhusu uyoga inasimama yenyewe.

Nimeanza na uyoga kwa makusudi. Habari za rangi ya ngozi, mikunjo na vipodozi humfikia mtu zikiwa zimevurugwa pamoja, na swali linalosaidia kuzitenganisha ni moja: hiki kinachodaiwa kilijaribiwa kwenye nini? Kwenye mrija, kwenye seli za maabara, kwenye ngozi ya nani?

Kiwanda na wateja wake

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, linapokutana na tabaka la ndani, kuna seli ziitwazo melanosaiti. Ni chache, takriban moja kwa kila seli kumi za mstari huo wa chini. Kila moja ina mikono mirefu kama ya pweza, na kwa mikono hiyo huhudumia seli jirani zipatazo 36. Ndani yake mna vifuko vidogo, melanosomu, na humo ndimo melanini inamotengenezwa. Malighafi ni tairosini, moja ya asidi amino zinazojenga protini mwilini. Tairosinesi, ikitumia atomi mbili za shaba zilizo katikati yake, huigeuza kuwa dopa, kisha dopakwinoni. Kutoka hapo njia zinaachana: moja hufikia yumelanini, ambayo ni nyeusi au kahawia, nyingine hufikia feomelanini, ambayo ni nyekundu yenye unjano. Vifuko vikishaiva husukumwa hadi ncha za mikono na kukabidhiwa seli jirani, nazo huvipanga juu ya kiini chao kama mwavuli unaoikinga DNA.

Kuna jambo hapa linalowashangaza wengi. Mtu mweusi ti na mtu mweupe pe wana idadi ya melanosaiti inayokaribiana. Kinachotofautiana ni vifuko. Katika ngozi nyeusi ni vikubwa, vina melanini nyingi zaidi, hukaa kimoja kimoja na hudumu hadi tabaka za juu. Katika ngozi nyeupe ni vidogo, hufungwa kwa mafungu na huyeyushwa mapema na vimeng'enya vya seli. Hata ualbino, kwa kawaida, si kukosa melanosaiti. Katika aina moja tairosinesi yenyewe ni mbovu. Katika aina nyingine, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi barani Afrika, kimeng'enya kipo, ila hali ya asidi ndani ya vifuko haikiruhusu kufanya kazi ipasavyo.

Kwa hiyo "kupunguza melanini" si kitendo kimoja. Unaweza kuzuia amri isifike kiwandani. Unaweza kuvuruga kimeng'enya, au kukwamisha usafirishaji wa vifuko, au kuharakisha seli zilizokwisha kupokea rangi zing'oke. Unaweza pia kukiua kiwanda, na hapo hakuna kurudi nyuma. Kila kiambato kinachosifiwa kinaingilia mahali fulani katika mnyororo huo, na asiyejua kinaingilia wapi hawezi kujua atarajie nini.

Amri yenyewe mara nyingi hutoka kwenye jua. Miale ya urujuanimno inapoumiza DNA ya seli za juu, seli hizo hutoa homoni inayonasa kwenye kipokezi cha melanosaiti kiitwacho MC1R, na kiwanda kinaongeza kasi. Watu wenye nywele nyekundu kwa asili wengi wana MC1R isiyosikia vizuri, ndiyo maana hutoa feomelanini zaidi na kubabuka juani badala ya kuiva, yaani kuwa weusi zaidi. Lakini jua si mtoa amri pekee. Chunusi, mkwaruzo, kuungua, hata krimu kali inayowasha, vyote huacha uvimbe, na uvimbe nao hutuma ujumbe ule ule. Ndiyo chanzo cha madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi kupona, hasa kwa watu weusi. Likiwa kwenye tabaka la juu, doa lina rangi ya kahawia na litaondoka kadiri ngozi inavyojibadilisha. Melanini ikidondokea tabaka la ndani humezwa na seli za kinga, doa huwa na rangi ya kijivu-buluu, na krimu nyingi huishia kulitazama tu.

Kuhusu jeni nitapita haraka, ingawa kuna hadithi mbili zinazostahili kutajwa. Mwaka 2005 maabara ya Keith Cheng katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania ilikuwa ikichunguza samaki wadogo wenye mistari iliyopauka. Jeni iliyowapausha, SLC24A5, ikaonekana kuwa na mkono mkubwa katika tofauti ya rangi kati ya watu wa Ulaya na wa Afrika. Kisha mwaka 2017 kundi la Sarah Tishkoff likachapisha vipimo vya ngozi za zaidi ya watu 2,000 wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Iligundulika kwamba tofauti za kijeni zinazoleta weusi na zile zinazoleta weupe zote zimo Afrika, na nyingi zina umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Kwa hiyo dhana kwamba kulikuwa na weusi wa aina moja Afrika na weupe ukazaliwa kwingine haina miguu ya kusimamia.

Kipimo kilichoshonwa kwa mtu mwingine

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kugawa ngozi kina aina sita, na hubeba jina la daktari wa Harvard, Thomas Fitzpatrick. Alikitengeneza mwaka 1975, na shida aliyokuwa akiitatua ilikuwa finyu: wagonjwa weupe waliotibiwa kwa dawa na miale ya urujuanimno waanzishiwe dozi gani? Aliwauliza wanaungua kiasi gani na kuiva kiasi gani juani. Aina za tano na sita, yaani karibu watu weusi wote wa dunia, ziliongezwa baadaye. Ni kama fundi aliyeshona suti ya mtu mmoja, kisha akaongeza vipande viwili vya kitambaa pembeni ili wengine nao waingie. Hadi leo tafiti nyingi za vipodozi hutumia suti hiyo hiyo. Mwaka 2022 Google ilianza kutumia kipimo cha vivuli kumi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk, kwa ajili ya picha na teknolojia zaidi kuliko tiba.

Melanini hukinga, ila si kwa kiwango ambacho wengi hukidhani. Kipimo cha mwaka 1979 kilicholinganisha tabaka la juu la ngozi za watu weusi na weupe nchini Marekani kilionyesha kwamba ngozi nyeusi ilikuwa na kinga ya wastani wa 13.4 (kwa kipimo cha SPF, kile kinachoandikwa kwenye losheni za jua) dhidi ya miale ya aina ya B, na nyeupe 3.4. Ni tofauti kubwa, lakini 13 si ukuta. Miale ya aina ya A, yenye mawimbi marefu, ndiyo karibu asilimia 95 ya urujuanimno unaotufikia. Hupenya hadi tabaka la ndani, na sehemu kubwa yake hupita kwenye kioo cha dirisha.

Kuhusu hicho kioo kuna picha maarufu iliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la Marekani. Ni ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kulia wa uso wake ni wa mtu wa umri wake. Upande wa kushoto, uliokuwa dirishani, una mikunjo mizito na ngozi iliyokunjamana kama ya mtu aliyemzidi miaka mingi. Umri ni ule ule, chakula na usingizi ni vile vile, tofauti ni kioo.

Kuzeeka ni nini hasa

Picha hiyo inaeleza kwa nini watafiti hutenganisha uzee wa aina mbili. Kuna ule unaokuja na miaka tu: ngozi hukonda, hukauka, na kolajeni, ile kamba ya protini inayoshikilia tabaka la ndani, hupungua kwa takriban asilimia moja kwa mwaka katika utu uzima. Kwa wanawake kasi huongezeka sana katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Kisha kuna uzee unaoletwa na vitu vya nje, na katika hivyo jua ndilo mfalme, sigara ikifuata nyuma.

Jua linazeeshaje? Katika miaka ya 1990 Gary Fisher na John Voorhees wa Chuo Kikuu cha Michigan waliufuatilia mnyororo huo hatua kwa hatua. Miale huamsha ndani ya seli protini ziwashazo jeni fulani, na jeni hizo hutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Dozi iliyo chini ya ile ya kuiwekundisha ngozi inatosha kuviamsha. Mwili hukarabati, lakini si kwa ukamilifu, na kila ukarabati huacha kasoro isiyoonekana. Mkunjo ni jumla ya kasoro hizo baada ya maelfu ya siku za kawaida, siku ambazo mtu hakuungua wala hakufikiria jua.

Kwenye ngozi nyeusi uzee una sura nyingine, na hapa matangazo ya vipodozi hupotosha kwa sababu huzungumzia mikunjo tu. Mikunjo myembamba mara nyingi huchelewa. Kinachotangulia ni rangi kutokuwa sawia: mabaka kwenye mashavu, weusi kuzunguka macho, vinundu vidogo vyeusi vya mashavuni visivyo na madhara, na mashavu kuteremka. Mtu mweusi wa miaka 45 anayenunua krimu ya kuondoa mikunjo huenda ananunua jibu la swali la jirani yake.

Dawa zilizopatikana kwa bahati

Ukifuatilia viambato vinavyofanya kazi kweli, utashangaa ni vingapi vilivyopatikana bila mtu kuvitafuta.

Mwaka 1939 madaktari wa Marekani walieleza habari za wafanyakazi weusi wa kiwanda cha ngozi za wanyama waliotokwa na mabaka meupe mikononi, mahali palepale palipofunikwa na glavu. Mpira wa glavu hizo ulikuwa na kemikali ya kuuzuia usichakae, monobenzoni, ndugu wa haidrokwinoni. Ilikuwa imeua melanosaiti zao. Leo monobenzoni ina kazi moja tu inayokubalika: kuondoa rangi iliyobaki kwa mtu ambaye mbalanga imekwisha kumla karibu mwili mzima, na ni uamuzi wa kudumu. Kutoka kwenye familia hiyo ndipo haidrokwinoni ilipoingia kwenye krimu.

Asidi ya azelaiki ilitoka kwa fangasi. Kuna hamira inayoishi kwenye ngozi na ambayo ikizidi huacha vibaka vilivyopauka kifuani na mgongoni. Watafiti wa Italia katika miaka ya 1970 walijiuliza inapaushaje, wakaikuta ikihusishwa na asidi hiyo. Sasa hutumika kwa chunusi na madoa kwa pamoja, na kwa maoni yangu haijapewa sifa inayostahili, labda kwa sababu haina jina la kuvutia. Asidi ya traneksamiki ilikuwa dawa ya kuzuia damu kuvuja. Mwaka 1979 daktari wa Japani aliona kwamba mgonjwa aliyepewa kwa ajili ya tatizo jingine la ngozi mabaka yake ya usoni yamefifia.

Tretinoini, aina ya vitamini A, ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote upande wa uzee. Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliitumia kwa chunusi, na Marekani iliiidhinisha mwaka 1971. Kisha wagonjwa wa makamo wakaanza kumwambia kwamba mikunjo yao imelainika. Mwaka 1993 kundi la Michigan lilipima vipande vya ngozi iliyoharibiwa na jua, na baada ya miezi kumi hadi kumi na miwili utengenezaji wa kolajeni ulikuwa umepanda kwa asilimia 80 kwa waliopaka tretinoini, huku kwa waliopaka krimu tupu ukishuka kwa asilimia 14. Kligman huyo huyo aliendesha kwa zaidi ya miaka 20 majaribio kwa wafungwa wa gereza la Holmesburg, Philadelphia, wengi wao weusi, chini ya ridhaa ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeikubali. Chuo chake kiliomba radhi mwaka 2021. Swali la "kilijaribiwa kwenye nini" wakati mwingine lina jibu chungu kuliko uyoga.

Retinoli, inayouzwa bila cheti cha daktari, ni ndugu mpole wa tretinoini: ngozi lazima iigeuze mara mbili ndipo ifanye kazi, na njiani nguvu nyingi hupotea. Haifai kuidharau, ila isitarajiwe kufanya kazi ya kaka yake. Zote mbili huwasha mwanzoni, na kwa ngozi nyeusi kuwashwa ni hatari yenyewe, maana uvimbe huzaa madoa. Anayezianza kidogo kidogo, usiku mmoja kwa mitatu, hufika mbali kuliko mwenye pupa. Mjamzito hapaswi kuzigusa.

Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, haigusi kimeng'enya kabisa. Hukwamisha ukabidhi wa vifuko. Katika seli zilizooteshwa maabara, utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha ikipunguza ukabidhi huo kwa asilimia 35 hadi 68. Usoni kwa watu halisi matokeo ni ya kiasi, na yanaonekana baada ya wiki kadhaa. Pengo hilo kati ya sahani ya maabara na uso wa mtu lipo kwa karibu kila kiambato, na tangazo daima hunukuu namba ya sahani.

Upande wenye sumu

Hapa sitakuwa mpole. Zebaki hupausha kwa kuvuruga tairosinesi, na hupenya ngozi hadi kwenye damu na figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu watu wazima waliolazwa kwa figo kuvujisha protini: zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki, na baadhi yao walipona walipoziacha. Miaka zaidi ya 50 imepita na krimu hizo bado zinauzwa kwa majina mapya. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, kwanza uliweka mpaka wa zebaki sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa kwenye vipodozi ifikapo 2025.

Haidrokwinoni ni kesi ngumu zaidi, kwa sababu ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa miezi michache na kwa kipimo. Ikipakwa miaka nenda miaka rudi, hasa bila kinga ya jua, huleta ugonjwa uitwao okronosisi: ngozi hugeuka buluu-nyeusi, ikakakamaa na kutoa vipele vidogo kama mbegu. Ulielezwa Afrika Kusini mwaka 1975. Mtu huanza kwa kutafuta weupe na kuishia na weusi usiofutika, kisha huongeza krimu ili kuuondoa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye krimu za kung'arisha tangu mwaka 2001, na Marekani iliiondoa kwenye mauzo ya bila cheti mwaka 2020.

Steroidi kali, kama klobetasoli na betamethasoni, ndizo zinazofanya mkorogo "ufanye kazi" ndani ya siku chache. Huzima uvimbe, hubana mishipa, na ngozi huonekana nyororo. Baadaye hukonda kiasi kwamba mishipa huonekana, michirizi hutokea, vidonda hukawia kupona, na dawa ikiingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu. Anayeziacha ghafla hupata wekundu na muwasho mkali, naye hudhani ngozi yake "inaidai" krimu. Kumbe ni deni lililoachwa na krimu yenyewe. Kuacha kunawezekana, ila ni vizuri kusimamiwe na daktari wa ngozi, kwa hatua.

Wala uhalali si dhamana. Mwaka 2013 kampuni ya Kanebo ya Japani ilirudisha kutoka madukani bidhaa zake zenye rododenoli, kiambato kilichokuwa kimepita kila kibali. Watu zaidi ya 15,000 walikuwa wamepata mabaka meupe. Tairosinesi ilikuwa ikikigeuza kiambato hicho kuwa sumu ndani ya melanosaiti, na kadiri kiwanda kilivyofanya kazi kwa bidii ndivyo kilivyojiua.

Kinachopenya na kisichopenya

Ngozi imeumbwa kuzuia vitu. Kuna kanuni isiyo rasmi kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 haipiti kwa urahisi. Kolajeni ina takriban 300,000. Krimu ya kolajeni basi haijazi kolajeni popote. Inakaa juu, inashika maji, na kwa saa chache mikunjo midogo hujaa. Hilo si bure, ila ni kazi ambayo mafuta mazuri ya kawaida huifanya pia. Vitamini C hupenya, kwa sharti kwamba iwe kwenye asidi kali, chini ya 3.5 kwa kipimo cha pH, na isiwe imeharibika. Ikigeuka kahawia chupani, imekwisha, hata kama tarehe ya mwisho bado.

Orodha ya viambato nayo ina siri yake ndogo. Katika masoko mengi huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kidogo, lakini vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote. Kiambato kilichopambwa mbele ya kopo ukikikuta mwishoni, karibu na manukato, kipo kwa ajili ya kutajwa. Na kwa sababu tabaka la juu huchukua takriban wiki nne kujibadilisha kwa kijana, na zaidi kwa mzee, bidhaa inayoahidi kufuta madoa kwa siku saba ama inaongeza unyevu tu, ama ina kitu ambacho haikukiandika.

Mwanga tunaouona

Jaribio zuri kuliko yote kuhusu uzee wa ngozi lilifanyika Nambour, Australia. Watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapake losheni ya kukinga jua kila siku, wengine wapake wanapopenda. Baada ya miaka minne na nusu, watafiti walipima alama za ngozi ya mgongo wa mkono kwa kutumia nakala za silikoni. Waliopaka kila siku walikuwa na kuzeeka pungufu kwa asilimia 24. Losheni ilikuwa ya kiwango cha SPF 15 tu. Hakuna seramu ya bei kali iliyowahi kuonyesha jambo la namna hiyo kwa watu wengi kiasi hicho. Lakini uliza tena lile swali: wengi wao walikuwa weupe.

Kwa ngozi nyeusi kuna tatizo ambalo losheni ya kawaida hailitatui. Mwaka 2010 utafiti wa Detroit ulimulika migongo ya watu kwa mwanga wa kawaida, ule tunaouona kwa macho, bila urujuanimno wa kutaja. Ngozi nyeupe haikubadilika rangi. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliiva, na weusi huo ulidumu hadi wiki mbili. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa waligundua kwamba melanosaiti zina kipokezi cha mwanga wa buluu, cha jamii moja na vile vya jichoni. Mwanga wa simu ni hafifu mno kuleta athari hiyo, kwa hiyo losheni za "kukinga skrini" ni biashara tu. Mwanga wa jua ni habari nyingine, na losheni nyeupe inayotoweka ikipakwa huupitisha wote, maana kinachoonekana wazi kwa macho ndicho hicho mwanga unachopita.

Kinachouzuia ni kitu chenye rangi. Oksidi za chuma, yaani kutu iliyosafishwa, humeza mwanga wa buluu, na wagonjwa wa mabaka ya usoni wanaopaka losheni yenye oksidi hizo hupata nafuu zaidi kuliko wanaopaka ile isiyo na rangi. Tatizo ni kwamba nyingi ya losheni hizo zimetengenezwa kwa kivuli kimoja au viwili, na kwenye uso mweusi huacha kama majivu. Wengine hutatua hilo kwa kupaka losheni ya kawaida kwanza, kisha vipodozi vya rangi ya uso wao juu yake. Kwenye orodha ya viambato tafuta namba tatu: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 ni njano, CI 77499 ni nyeusi. Zikichanganywa, zinatoa kahawia.